Mgongo ulioumbwa usimame, nani anauinamisha?

Ukitoka Mikumi kuelekea Iringa, ukafika Ruaha Mbuyuni na kuiacha barabara kuu, iko njia inayokupeleka Malolo, kata iliyo pembezoni mwa Wilaya ya Kilosa. Huko watu wanaishi kwa maji ya Mto Mwega na kwa kitunguu. Wakati wa mavuno harufu ya kitunguu inakupokea kabla hujaziona nyumba.

Msimu mmoja nilifika huko kwa shughuli za kifamilia, nikaswali Adhuhuri katika msikiti wa kijiji. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja aliyeswali juu ya kiti cha plastiki. Hakuwa mlemavu wa miguu, maana alikuja msikitini akitembea. Ila alitembea akiwa amekunjika kiunoni, macho yake yakitazama ardhi hatua mbili mbele yake. Tulipomaliza nyiradi, mjukuu wake, kijana wa sekondari, alinisogelea na kuniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Ustadhi," alisema, "shuleni tumefundishwa kwamba mgongo wa binadamu ni mgongo wa mnyama wa miguu minne uliosimamishwa kabla haujawa tayari, na ndiyo maana unauma. Madrasa tumefundishwa kuwa mtu ameumbwa kwa umbo lililo bora. Sasa kama ni bora, mbona wa babu uko hivi?"

Kabla sijajibu, mzee mwenyewe alicheka. "Mwanangu, mimi habari za sokwe sizijui. Ninachojua ni kwamba mgongo wangu niliuacha kwenye majaruba."

Ndugu msomaji, majibu ya haraka yapo mengi. Wapo wangemkemea kijana na kumwambia maswali kama hayo ni njia ya ukafiri. Wapo wangemwambia elimu ya shule ni ya kufaulia mtihani tu. Mimi naona swali lake ni la haki, na tena limebeba ndani yake swali jingine kubwa zaidi ambalo mzee aliligusa kwa sentensi moja. Hebu tuyachukue yote mawili, moja baada ya jingine.

Kwanza tuwasikilize wanaochimba mifupa, kwa sababu mengi ya ushahidi wao yametoka katika ardhi yetu hii hii. Mwaka 1978, huko Laetoli, eneo la Ngorongoro, timu ya Bibi Mary Leakey iliikuta njia ya nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano. Majivu yalinyeshewa, yakakanyagwa yakiwa mabichi, kisha yakagandamana kuwa jiwe. Njia ile ina urefu wa mita 27 hivi na nyayo zipatazo 70, na wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 3.66. Mwaka 2015 wataalamu wa Kitanzania, akiwemo Profesa Fidelis Masao, walikuta nyayo nyingine katika eneo hilo hilo, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za mwanzo. Ajabu ya nyayo zile ni wepesi wa kuzielewa. Kisigino kimeingia kwa nguvu, kidole gumba kimekaa sambamba na vidole vingine, na hakuna alama ya mkono hata moja. Aliyepita pale alipita akiwa amesimama.

Jirani zetu nao wana ya kwao. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kilichokuja kuwa mwanzo wa kuchimbuliwa kwa kiunzi cha kijana wa miaka inayokadiriwa kuwa milioni moja na nusu iliyopita, kikiwa na sehemu kubwa ya pingili za mgongo wake. Kamoya hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipoanza kazi hiyo, lakini macho yake yaliwafundisha maprofesa.

Wataalamu hawa wanasema kusimama wima ni jambo la mwili mzima. Tundu la fuvu ambalo uti wa mgongo unapitia, kwa sokwe limekaa kuelekea nyuma, na kwa mtu limekaa chini, ili kichwa kikae juu ya shingo kama mtungi juu ya kata. Nyonga za sokwe ni ndefu, za mtu ni fupi na pana kama bakuli, ili zibebe matumbo na zishike misuli ya kutembelea. Sokwe kwa kawaida ana pingili tatu au nne za kiuno, nasi tuna tano. Kwa jumla mtu mzima ana pingili 24 zinazocheza, saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno, na chini yake iko mifupa iliyoungana, kisha kile kifupa cha mwisho cha kitokoni.

La muhimu zaidi ni kwamba mgongo wetu haukunyooka kama fimbo. Ukimtazama mtu kwa ubavuni, shingo yake imeingia ndani, kifua kimetoka nyuma, kiuno kimeingia tena ndani. Mapindo hayo ndiyo yanayokiweka kichwa na kifua juu ya nyonga bila kutuchosha, na ndiyo yanayofanya kazi ya springi tunapotembea. Wala hatuzaliwi nayo yote. Mtoto mchanga mgongo wake umepinda pindo moja tu, kama alivyokunjwa tumboni. Anapoanza kuinua kichwa, katika miezi ya mwanzo, pindo la shingo linajitokeza. Anapokaa, akasimama dede, akaanza kutembea, pindo la kiuno nalo linakamilika. Kila mama aliyemshika mwanawe mikono miwili akimwimbia asimame, amekuwa akiushuhudia mgongo wa binadamu ukijijenga mbele ya macho yake.

Faida ya kusimama ni kubwa. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2007 wakakuta kuwa mtu akitembea hutumia nguvu pungufu kwa robo tatu hivi kuliko sokwe akitembea. Na mikono ikawa huru kubeba mtoto, kushika kalamu, kuinuliwa kwa dua. Mwaka huo huo wa 2007, watafiti wa vyuo vikuu vya Harvard na Texas walieleza kwamba pindo la kiuno la mwanamke limeenea katika pingili tatu, na la mwanamume katika mbili. Tofauti hiyo inamwezesha mjamzito kurudi nyuma kidogo na kuuweka uzito wa mimba juu ya miguu yake pasipo kuuvunja mgongo. Mimba inambebesha mama udhaifu juu ya udhaifu, kama tunavyokumbushwa katika Surat Luqman, lakini kumbe hata katika mifupa yake amewekewa msaada.

Na gharama ipo. Uzito wote wa kiwiliwili, kichwa na mikono unateremka mpaka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno. Katikati ya pingili na pingili kuna vibao laini vya gegedu, ambavyo watu wa hospitali huviita diski, na ni vya pale chini ndivyo vinavyochoka na kuchomoza mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba maradhi hayo ndiyo yanayoongoza kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Kwa hiyo mwalimu wa yule kijana hakusema jambo la kubuni. Swali ni je, limepingana na alichofundishwa madrasa?

Hapa panataka utulivu. Juu ya asili ya mwanadamu Waislamu wenye elimu hawana kauli moja kuhusu nadharia hii ya mageuzi. Wapo wanaoikataa yote. Wapo wanaoikubali kwa mimea na wanyama na kumtoa Adam (a.s.) katika hesabu hiyo. Wapo wanaosema Allah (s.w.) huumba kwa njia atakayo, ikiwemo njia ndefu. Sikuandika makala haya kuamua baina yao, na wala swali la kijana halihitaji tuamue. Ninachosema ni kwamba pana haraka mbili za kuepukwa.

Haraka ya kwanza ni kukana kinachoonekana kwa macho. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1200. Watu walikufa kwa wingi na mifupa ikatapakaa. Yeye alikwenda kuitazama. Vitabu vya tiba vya zama zile vilimfuata Galen, Mgiriki mkubwa wa tiba, aliyesema kuwa taya la chini ni mifupa miwili. Abdul-Latif alitazama mataya mengi sana, akakuta ni mfupa mmoja, na akaandika kuwa ushahidi wa macho una nguvu kuliko kauli ya Galen. Huyo alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, aliyesoma fiqhi na hadithi, wala hakuona kuwa kutazama mfupa kunampunguzia imani.

Haraka ya pili ni ya wale wanaosherehekea kila habari ya sayansi na kuibandika kwenye aya. Chukua kile kifupa cha mwisho cha mgongo. Wanasayansi wanasema ni mabaki ya mkia. Nasi tuna hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, inayosema kuwa mwili wa mwanadamu wote huoza isipokuwa kifupa hicho, na kwamba kutokana nacho ataundwa upya siku ya Kiyama. Wapo wenzetu wamejaribu kuithibitisha hadithi hii kwa maabara, na wapo wengine wanaoicheka kwa maabara. Wote wawili wamekosea mlango. Habari ya kufufuliwa ni habari ya ghaibu, inaaminiwa kwa aliyeileta. Habari ya umbile la mfupa ni habari ya macho, inajulikana kwa kutazama. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili moyoni bila kulazimisha moja iwe shahidi wa nyingine.

Baada ya hayo, turudi kwenye umbo bora. Kosa la kijana, na ni kosa letu wengi, lilikuwa kudhani kuwa kilicho bora ni kisichouma. Nani alituambia hivyo? Neno lililotumika katika Surat At-Tin ni taqwim, ambalo ndani yake mna maana ya kusimamisha, kunyoosha na kulinganisha sawa. Ubora wa kitu ni kufaa kwake kwa lililokusudiwa. Kisu bora hakijulikani kwa kutokuwa butu milele, maana kisu kisichokuwa butu kamwe ni kile kisichotumika. Mgongo uliokusudiwa kumsimamisha mtu ili aone mbali, abebe, alime, arukuu na ainuke, umefaa kwa kazi hiyo kuliko mgongo wowote mwingine tunaoujua. Maumivu ni sehemu ya kufaa huko. Ni mlio wa kengele unaomwambia mwenye mgongo kwamba mzigo umezidi au muda umezidi. Mgongo usiouma ungevunjika kimya kimya.

Tena sura yenyewe haikuishia kwenye umbo bora. Mara baada ya hapo inataja kurudishwa kwa mtu kuwa chini ya walio chini. Katika wafasiri wapo waliosema maana yake ni uzee na unyonge wa mwili, na wapo waliosema ni Moto kwa aliyekufuru. Kwa tafsiri ya mwanzo, kudhoofika kwa mwili wa mzee wetu wa Malolo kulikwishatajwa pamoja na ubora wake, pumzi moja. Kwa hiyo umbo bora lilikuwa amana tangu mwanzo, na amana huweza kutunzwa au kuharibiwa.

Na hapa ndipo linapokuja swali la pili, lile la mzee. Alisema mgongo wake aliuacha kwenye majaruba. Hakumlaumu Muumba, wala hakulaumu miaka milioni tatu. Alitaja mahali pa kazi.

Hebu msomaji wa mjini, ambaye kitunguu unakifahamu kikiwa kwenye kikaango, kifuate nyuma mpaka kilikotoka. Mbegu husiwa kitaluni. Miche ikifika kimo chake hung'olewa, hupelekwa kwenye majaruba yaliyosawazishwa, na kupandwa mmoja mmoja kwa mkono. Hakuna namna ya kupanda mche wa kitunguu ukiwa umesimama. Unainama asubuhi na kuinuka jua likiwa kichwani. Kisha palizi, nayo ni ya kuinama, kwa sababu kitunguu hakivumilii majani na mche wake ni mwembamba, jembe kubwa litauondoa pamoja na gugu. Kisha kuelekeza maji, kisha kung'oa, kisha kukata majani na mizizi, mtu ameketi chini au amejikunja. Ekari moja ina miche isiyohesabika kwa vidole, na kila mche umeinamiwa mara kadhaa.

Mtu akiinama, mgongo wake unafanya kazi ya mizani yenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Uzito wa kichwa na kifua uko mbali mbele, na misuli inayouzuia imebanana karibu kabisa na pingili. Ili kulingana, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe, na nguvu yote hiyo huishia kuzibana zile diski za kiuno. Tabibu wa Uswidi, Alf Nachemson, aliipima shinikizo hiyo ndani ya diski za watu hai katika miaka ya 1960, akaonyesha kuwa inapanda sana mtu anapoinama mbele, na zaidi akiinua kitu. Hata hivyo, kilimo ni kuinama, na hakuna aya iliyoahidi riziki bila jasho. Kama ingeishia hapo, tungesema ni taabu ya halali, apumzike, abadili kazi, ainuke kila baada ya muda.

Lakini haikuishia hapo. Baada ya shamba linakuja gunia, na gunia la kitunguu cha Tanzania lina jina lake. Linaitwa lumbesa.

Kila mtu anaijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake huongezwa kichwa kinachofumwa kwa kamba, mpaka gunia moja linakuwa kama gunia na nusu. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakikemea lumbesa miaka nenda miaka rudi. Kwa Muislamu jambo hili lilikuwa na sheria kabla ya Wakala. Iko sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja, na alama waliyopewa ni kwamba wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia watu hupunguza. Mwenye kununua kwa lumbesa shambani Malolo na kuuza kwa kilo mjini amezitimiza alama zote mbili, kwa gunia lile lile.

Lakini tumezoea kuisema lumbesa kama dhuluma ya bei. Nataka tuitazame pia kama dhuluma ya mgongo. Gunia lile halipandi lori lenyewe. Linapandishwa na kuli, kijana aliyeinama wenzake wakamtwika mabegani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya uzito wa juu anaoruhusiwa kubebeshwa mfanyakazi mmoja, na pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Gunia halali la kilo 100 tayari linakaribia mara mbili ya kiwango hicho. Lumbesa linakipita mara mbili na kuendelea.

Ulinganisho mwingine unanitia haya zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii ya Usagara. Ile ilikuwa biashara ngumu, na sehemu yake ilikuwa biashara haramu ya watu. Hata hivyo mzigo wa kawaida wa mpagazi wa kulipwa ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Wapagazi walijua kiwango chao, wakakitetea, na wakati mwingine waligoma kilipozidishwa. Mpagazi wa msafara alitembea mbali, kuli wa leo anakwenda hatua chache tu, hilo nalikubali. Lakini mgongo ni ule ule wenye pingili tano za kiuno, na leo unatwikwa zaidi ya mara tatu, mchana kutwa, gunia baada ya gunia.

Na gunia hilo linakwenda wapi? Mengi yanakuja Dar es Salaam, na jina kubwa la soko katika jiji hilo ni Kariakoo. Wangapi kati yetu tunakumbuka asili ya jina hilo? Ni jina la kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Mamia kwa maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita ile, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Tunanunua kitunguu katika mahali palipopewa jina la migongo ya watu, na bado hatuuoni mgongo uliokileta.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: kuli hakulazimishwa, anapokea ujira wake, na ukimpunguzia mzigo umempunguzia riziki. Na mkulima naye anajaza lumbesa kwa mkono wake mwenyewe.

Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kijana yule angependa magunia mengi. Ni kweli pia mkulima akikataa lumbesa peke yake, mnunuzi atahamia kwa jirani, na kitunguu hakingoji. Lakini ridhaa ya mwenye njaa si kipimo cha haki. Kama ingekuwa kipimo, riba isingekuwa haramu, maana mkopaji naye huweka saini kwa mkono wake. Sheria yetu ilikataza baadhi ya mapatano hata pale pande zote mbili zimekubali, kwa sababu upande mmoja umekubali ukiwa umebanwa ukutani.

Na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya mzigo yako wazi. Kuhusu watu walio chini ya mikono yetu, alifundisha tusiwakalifishe lenye kuwashinda, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Hilo lilisemwa juu ya watumwa, watu ambao zama zile hawakuwa na sauti. Atakosaje haki hiyo mtu huru? Ipo pia hadithi katika Abu Daud ya ngamia aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) kwa macho yenye machozi, na mwenye ngamia akaonywa amche Allah kwa mnyama yule anayemshindisha na njaa na kumchosha. Mnyama wa miguu minne, ambaye mgongo wake umelala kama daraja na unaegemea nguzo nne, amepewa haki ya kutochoshwa. Mwanadamu, ambaye mgongo wake umesimama kama nguzo moja, amepewa mzigo wa gunia na nusu. Hivi ni nani hapa aliyemshusha mtu chini ya mnyama? Si mwalimu wa baiolojia.

Naam, hapo ndipo nilipotaka tufike. Tuna bidii kubwa ya kuutetea utukufu wa mwanadamu katika mjadala wa asili yake. Tunakasirika akifananishwa na sokwe. Lakini utukufu huo huo ukiwa umeinama chini ya lumbesa mbele ya milango ya misikiti yetu, tunampisha apite na kuendelea na mazungumzo. Kama kweli tunaamini kusimama wima ni karama ya Muumba kwa mwanadamu, basi kumwinamisha mtu kupita kiasi kwa ajili ya faida ni kuiharibu karama hiyo kwa mikono yetu.

Yapo yanayowezekana. Mfanyabiashara Muislamu anaweza kuanza yeye, akanunua kwa mizani na kufunga kwa magunia ya kilo 50, na kuli akalipwa kwa tani aliyopakia badala ya kichwa cha gunia, ili asipoteze ujira. Wakulima wa skimu moja, wakiwa ndani ya ushirika wao, wanaweza kukataa lumbesa kwa sauti moja, jambo ambalo mmoja hawezi. Makhatibu wanaosoma sura ya wanaopunja wanaweza kuitaja lumbesa kwa jina, maana waumini wengi huisikia sura hiyo na kudhani inawahusu watu wa Madina peke yao. Na mimi na wewe tunaonunua fungu la kitunguu jioni, tuulize, tukubali kulipa bei ya haki, na tusifurahie urahisi ambao mtu mwingine ameulipia kwa kiuno chake.

Narudi msikitini Malolo. Katika swala tunaamrishwa kurukuu mpaka mgongo ulingane, kisha tuinuke mpaka kila mfupa urudi mahali pake. Tumefundishwa kuwa swala ya asiyeunyoosha mgongo wake katika rukuu na sijda ina kasoro. Mara 17 kwa siku, katika faradhi peke yake, Muislamu anainama kwa hiari yake mbele ya Mola wake na kisha anasimamishwa tena wima. Kuinama kwa swala kuna kuinuka baada yake. Mzee yule yeye alirukuu akiwa kitini, akabaki na rukuu yake hata baada ya salamu.

Nilimjibu kijana hivi: "Mgongo wa babu yako uliumbwa bora, na ulifanya kazi miaka mingi kuliko umri wako na wangu tukiijumlisha. Usiulize kwa nini uliumbwa hivyo. Uliza tumeufanyia nini." Mzee alinyanyuka taratibu, akishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja na bega la mjukuu wake kwa mwingine, tukatoka naye nje juani. Lori lilikuwa linapakia magunia kando ya njia.

Wabillahi tawfiq.